Mikono ilikakamaa, Renoir hakuacha kuchora
Wengi wakiona picha za uzeeni za Pierre-Auguste Renoir wanadhani brashi ilifungwa mkononi kwa bandeji. Siyo kweli. Bandeji zilikinga ngozi ya viganja, maana vidole vilishajikunja kwa ndani. Brashi alikuwa anawekewa tu na msaidizi.

Mchoraji huyo Mfaransa, aliyezaliwa 1841, alianza kuugua baridi yabisi akiwa na miaka 50 hivi. Kwenye ugonjwa huu kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia viungo vyenyewe: vinavimba, vinauma, mwisho vinapinda. Dawa za kuituliza kinga hiyo enzi zake hazikuwepo.

Mwaka 1907 alinunua shamba Cagnes, kusini kwenye joto. Baadaye miguu nayo ikagoma, akawa wa kiti cha magurudumu. Alifariki Desemba 1919 akiwa bado anachora.