Phil Woolpert, kocha aliyebaki na mpira wa kikapu peke yake

Mwishoni mwa mwaka 1951 wakuu wa Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo cha mapadri Wajesuiti huko California, walifunga timu yao ya futiboli. Timu hiyo ilikuwa imecheza mechi tisa msimu ule na kushinda zote tisa. Msomaji asichanganye: futiboli ya Marekani si kandanda tunayoijua sisi. Ni mchezo wa kofia ngumu na mabega ya kuwekewa kinga, mpira wenyewe una umbo la yai, na unabebwa mkononi kuliko unavyopigwa teke. Huko ndiko pesa nyingi za michezo ya vyuo zilipo, na huko ndiko hasara kubwa ilipo pia.

Timu hiyo ya 1951, iliyofundishwa na Joe Kuharich, ilifungwa kwa sababu ya pesa, lakini nyuma ya pesa kulikuwa na jambo jingine. Timu zilizofanya vizuri zilialikwa kwenye mechi kubwa za mwaka mpya, na malipo ya mwaliko mmoja yangeweza kuziba shimo la chuo kidogo. Wachezaji walivyokuja kusimulia baadaye, waandaaji wa mechi za majimbo ya Kusini walikuwa tayari kuwaita kwa sharti moja: Ollie Matson na Burl Toler, wachezaji wawili weusi, wabaki nyumbani. Wenzao walikataa. Mwaliko haukuja, shimo halikuzibwa, na futiboli ikaondolewa.

Aliyebaki na jina la chuo mikononi mwake alikuwa kocha wa mpira wa kikapu, Phil Woolpert. Alikuwa na umri wa miaka 36, na msimu wake wa kwanza pale alikuwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 17.

Woolpert alizaliwa mwaka 1915 Danville, Kentucky, akakulia Los Angeles. Alisoma Chuo Kikuu cha Loyola katika jiji hilo hilo, akacheza mpira wa kikapu chini ya kocha Jimmy Needles. Mwenzake katika timu ile alikuwa Pete Newell, naye akaja kuwa kocha mkubwa. Urafiki huo ulimfaa. Newell alipokuwa akiifundisha timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, Woolpert alikuwa jirani yake akiwafundisha vijana wa sekondari ya St. Ignatius. Mwaka 1950 Newell aliondoka kwenda Michigan State, na Woolpert akachukua nafasi yake.

Alichokirithi hakikuwa kingi. Chuo hakikuwa hata na ukumbi wake wa mpira wa kikapu. Timu ilifanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule ileile ya St. Ignatius, saa ambazo vijana wa sekondari hawakuuhitaji, na mechi za nyumbani ikazicheza kwenye kumbi za mjini. Misimu mitatu ya kwanza yote ilikwisha kwa kushindwa kuliko kushinda: baada ya ile 9 kwa 17 zikaja 11 kwa 13, kisha 10 kwa 11. Mahali pengine kocha wa namna hiyo angefungishwa virago. Mapadri walivumilia, labda kwa sababu hawakuwa na pesa za kumlipa mwingine.

Hapa hesabu ni muhimu, na nina hakika wasomaji wa gazeti hili, watu wa kuhesabu mzigo na gharama ya kuuvusha, wataielewa haraka. Timu ya futiboli ina watu 11 uwanjani, lakini wanaoshambulia si wale wanaozuia, na wanaopiga mpira teke ni wengine tena. Kwa miaka mingi sheria za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ziliruhusu vyuo vikubwa kulipia masomo ya wachezaji 85 wa futiboli. Kwa mpira wa kikapu wa wanaume idadi ilikuwa 13. Wanaocheza kwa wakati mmoja ni watano tu. Chuo kidogo chenye pesa kidogo hakiwezi kupata vijana 85 bora kuliko wa chuo kikubwa cha jimbo. Lakini kinaweza kupata vijana wawili au watatu ambao chuo kikubwa hakikuwaona, na katika mchezo wa watu watano, wawili wakiwa wa ajabu wanatosha.

Swali lilikuwa pa kuwapata. Woolpert aliwapata mahali ambapo wengine hawakutaka kununua.

K.C. Jones alitoka sekondari ya Commerce, papo hapo San Francisco. Bill Russell alikuwa kijana mrefu mwembamba wa Oakland, ng'ambo ya ghuba, aliyezaliwa Louisiana. Katika timu ya shule yake ya McClymonds hakuwa nyota. Hal DeJulio, mchezaji wa zamani wa San Francisco aliyekuwa akikiangalizia chuo vijana wapya, alimwona akicheza akapeleka habari. Hakuna chuo kingine kilichomtaka Russell. Hal Perry alitoka Ukiah, mji mdogo wa kaskazini. Wote watatu walikuwa weusi.

Leo mtu atauliza habari gani hiyo. Wakati ule vyuo vingi vya Kusini havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na vingi vya Kaskazini vilivyokuwa nao vilifuata kanuni isiyoandikwa kwamba mmoja anatosha, wawili ni wengi, na watatu kuanza mechi pamoja ni uchokozi. Desemba 1954, baada ya kufungwa na UCLA 47 kwa 40 katika mechi ya tatu ya msimu, Woolpert alipanga watano wake akizingatia nani anacheza vizuri zaidi, na watatu kati yao walikuwa Russell, Jones na Perry. Hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Barua za matusi zilianza kumfikia, zikaendelea.

Mwezi uleule timu ilikwenda kwenye mashindano ya Oklahoma City. Hoteli za katikati ya mji zikakataa kuwapokea wachezaji weusi. Ilikuwa njia rahisi kuwagawa, weupe walale hotelini na weusi watafutiwe nyumba upande wao wa mji, kama timu nyingi zilivyofanya. Badala yake timu nzima ilihamia bweni la chuo lililokuwa tupu kwa likizo ya Krismasi, wakalala huko wote. Inasimuliwa kwamba siku ya mazoezi watazamaji waliwarushia sarafu, kama mtu anavyomtupia mcheza ngoma wa barabarani, na Russell akaziokota akampa kocha amtunzie. Mashindano hayo waliyashinda.

Wasidhani wasomaji kwamba kocha na nyota wake walielewana kwa kila jambo. Mafundisho ya siku zile yalisema mlinzi mzuri habandui miguu sakafuni. Russell alikuwa akiruka na kuupokonya mpira hewani, jambo ambalo makocha wengi waliliona kama utovu wa adabu ya mchezo, na Woolpert mwanzoni alikuwa mmoja wao. Alijaribu kumrekebisha, kisha akaona matokeo akamwacha. Kwa kocha aliyelelewa katika mafundisho hayo haikuwa kazi ndogo kunyamaza. Baadaye wenye mamlaka ya mchezo waliipanua njia iliyo mbele ya kikapu kutoka futi 6 hadi futi 12, na kila mtu alijua wanamlenga nani.

Baada ya kipigo cha UCLA hawakufungwa tena msimu ule. Waliponea chupuchupu mara moja: dhidi ya Oregon State, katika uwanja wa nyumbani wa wapinzani wao, 57 kwa 56. Fainali ya taifa ya Machi 1955 ilichezwa Kansas City dhidi ya La Salle, mabingwa watetezi, waliokuwa na Tom Gola, mchezaji aliyeogopwa nchi nzima. Wengi walitarajia Russell amkabili Gola. Woolpert alimpa Jones kazi hiyo, ingawa Jones alikuwa mfupi kwa inchi tano, ili Russell abaki karibu na kikapu. Jones alimbana Gola na bado akafunga pointi 24. San Francisco walishinda 77 kwa 63. Chuo kisicho na ukumbi kikawa bingwa wa Marekani.

Mwaka uliofuata walicheza mechi 29 wakashinda 29, bingwa wa kwanza wa NCAA kumaliza bila kufungwa. Jones hakuruhusiwa kucheza mashindano ya mwisho kwa sababu ya kanuni za miaka ya kucheza, na Gene Brown akashika nafasi yake. Katika fainali ya Evanston dhidi ya Iowa, walioshindwa 83 kwa 71, Russell alifunga pointi 26 na kudaka mipira 27 iliyorudi kutoka kikapuni. Mfululizo wa ushindi ulifika mechi 60 kabla ya Illinois kuukata Desemba 1956 kwa kipigo kizito, 62 kwa 33. Russell alikuwa amekwisha kuondoka. Hata hivyo msimu huo timu ilifika nusu fainali ya taifa na kumaliza ya tatu, na mwaka 1958 ilishinda 25 ikapoteza mbili.

Mwaka huohuo wa 1958 chuo kilifungua ukumbi wake. Woolpert alipata kuutumia muda mfupi tu. Msimu wa 1958-59 ulikwisha kwa ushindi 6 na vipigo 20, na yeye alikuwa amechoka. Alikuwa mtu wa wasiwasi, aliyeubeba kila mchezo hadi kitandani, na ubingwa haukumpunguzia mzigo. Uliuongeza, kwa sababu sasa kila aliyekuja kumwona alitarajia mechi 60 nyingine. Aliacha kazi mwaka 1959 akiwa na jumla ya ushindi 153 na vipigo 78.

San Francisco hakikuwa peke yake kufunga futiboli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vyuo kadhaa vya Kikatoliki vilifanya hivyo, Georgetown, Saint Mary's na Santa Clara vikiwamo. Marquette cha Milwaukee kilifuata mwaka 1960, na mwaka 1977 kikatwaa ubingwa wa mpira wa kikapu chini ya Al McGuire. Gonzaga, chuo cha Wajesuiti katika mji wa Spokane ambacho hakijacheza futiboli tangu mwaka 1941, kilifika fainali mwaka 2017 na 2021. Leo katika daraja la juu la michezo ya vyuo vya Marekani karibu vyuo mia moja havina futiboli kabisa. Baadhi, kama Georgetown, viliirudisha kwa kiwango kidogo. Wengine hawakutaka kusikia habari zake tena. Mashindano ya kila Machi huvilipa vyuo kupitia ligi zao kulingana na raundi wanazofika, kwa hiyo timu ya watu 13 inaweza kulisha idara nzima ya michezo, wakimbiaji na waogeleaji pamoja.

Lakini vyuo vingi vimejaribu njia ya San Francisco vikabaki vilevile. Kufunga kitu kinachokula pesa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwaona akina Russell kabla ya wengine, na kuwapanga wote hata pale wafadhili wanaponuna. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo iliyomgharimu Woolpert usingizi, na ndiyo inayosahaulika mara nyingi watu wanapohesabu vikombe vyake.

Alijaribu kidogo ligi ya kulipwa mwaka 1961, akiifundisha timu ya San Francisco Saints. Ligi yenyewe haikudumu. Mwaka 1962 alikwenda Chuo Kikuu cha San Diego, chuo kidogo kingine cha Kikatoliki, akawa kocha na mkuu wa michezo. Huko hakukuwa na ubingwa. Alipoacha ukocha mwaka 1969, aliyechukua nafasi yake alikuwa Bernie Bickerstaff, kijana mweusi wa miaka 25 aliyekuwa amecheza chini yake kisha akawa msaidizi wake. Wakati ule makocha wakuu weusi katika vyuo visivyo vya watu weusi walikuwa wachache mno. Bickerstaff alikuja kufundisha timu za NBA kwa miaka mingi.

Woolpert aliondoka San Diego mwaka 1972, akahamia Sequim, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Washington, mbali na kumbi na waandishi. Huko alipata kazi ya kuendesha basi la shule. Mtu aliyeshinda mechi 60 mfululizo alikuwa akiamka asubuhi kuwachukua watoto na kuwarudisha mchana. Alifariki huko mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 71. Mwaka 1992, miaka mitano baada ya kuzikwa, jina lake liliingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa kikapu. Russell alikuwa ameingizwa tangu mwaka 1975, na Jones tangu 1989.