Émile Wangermée, yule alichora muji wetu

Wengi wetu tunatembeaka kila siku juu ya kazi ya mutu moja, na jina lake hatulijue. Leo tuseme kidogo maisha yake.

Émile Wangermée alizaliwa mwaka wa 1855 ku Tirlemont, mu Ubelgiji. Aliingia jeshi, upande wa wale askari wanajenga ngome, madaraja na barabara. Kule alijifunza mambo mawili yasiyomutoka tena: kupiga mistari yenye kunyooka, na kumuweka kila mutu pa nafasi yake.

Alipofika Congo, alisimamia ujenzi wa ngome ya Shinkakasa, karibu na Boma. Akapanda ngazi mpaka kuwa makamu wa gavana mukubwa. Kisha Comité spécial du Katanga, ile iliundwa mwaka wa 1900 kwa kusimamia inchi hii, ikamufanya mujumbe wake. Mwaka wa 1909 alitoa kitabu juu ya safari zake kwenye maziwa makubwa na mu Katanga.

Tusidanganyike: Katanga ilijua miji mbele yake. Bunkeya ya Mwami Msiri, yule waliua mwaka wa 1891, ilikuwa muji mukubwa wa biashara. Watu walitoka pwani ya mashariki na pande za Angola kuja kuuza na kununua. Lakini haukuwa na mistari. Ulikuwa vijiji vingi vilivyotawanyika, na vingine vilisimamiwa na wake wa Mwami. Ujamaa njo ulipanga manyumba.

Wangermée alikuwa na desturi ingine. Mwaka wa 1910 treni ilikuwa inapanda kutoka kusini, kupitia Sakania, kwa sababu ya shaba ya Étoile. Pembeni ya muto Lubumbashi alianzisha Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Barabara zikakatana sawa mistari ya kaye ya hesabu. Ule mufano haukutoka Bulaya, kwani miji ya zamani ya kule ina njia za kupindapinda kuzunguka kanisa na soko. Ulitoka kusini, sawa Bulawayo, pale barabara zilifanywa pana ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi lipate kugeuka. Na pamoja na treni ile ile, desturi ingine ikapanda: weupe huku, weusi kule.

Mu mawazo ya wakubwa wa wakati ule, muji ulikuwa wa muzungu. Mweusi alikuwa mupita njia: anakuja, anafanya kazi mu mine, mukataba unaisha, anarudi mu mugini. Mutu wa kupita hana lazima ya bibi, ya watoto, wala ya muti wa maembe. Njo maana ku mwanzo wafanyakazi wengi walikuja peke yao. Ilifaa kungoja mpaka mwisho wa miaka ya 1920 ndipo Union Minière ianze kutia nguvu kwa kuleta jamaa ndani ya makambi yake.

Wangermée alikufa mwaka wa 1924. Lakini mustari wake uliendelea kutembea. Kati ya ville na cité wakaacha uwanja mutupu, wakisema ni kwa kukinga weupe na magonjwa. Ng'ambo yake ikakaa Kamalondo, kisha Kenya, na kisha vita ya pili ya dunia, Katuba yetu. Kila muji wa watu weusi ulikaa mbali kupita ule wa mbele. Ule umbali tunaulipa mpaka leo, kwa miguu na kwa feza ya taksi.

Pahali pengine watu walifikiri ingine namna. Mu Muji wa Kale wa Mombasa, njia ni nyembamba kusudi kivuli kipatikane, na inje ya nyumba kuna baraza ya kukaa na wageni. Kule desturi ya kupokea mugeni iliingia ndani ya ukuta. Kwetu, desturi ya kutenga watu iliingia ndani ya barabara.

Lakini watu wa Katuba hawakukubali kuwa wapita njia. Ndani ya lupangu walipanda miti, wakaongeza chumba kwa shemeji, wakapika inje, wakalilia wafu wao pale pale. Hakuna ofisi iliyochora mambo ile. Jamaa njo ziliyafanya, na njo zinafanya Katuba iwe Katuba.

Siku hizi kunachorwa mitaa mipya, na kuta ndefu zinapanda. Siku karatasi ya plan itafika ku commune, tusiangalie paka bei ya lupangu. Tuulize matanga itakalia wapi, watoto watachezea wapi, na mama atatembea saa ngapi mpaka ku soko. Mwaka wa 1910 hakuna aliyeuliza watu wetu mambo ile.