Chopin, mpiga piano aliyeambiwa hajui kushika mdundo

Katika vijiji vya Busoga vinavyouzunguka mji wa Jinja, mashariki mwa Uganda, embaire haipigwi na mtu mmoja. Vipande virefu vya mti hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na wapigaji kadhaa hukaa pande mbili wakitazamana, kila mmoja akigonga katika nafasi aliyoachiwa na mwenzake. Anayechelewa hata kidogo huingia katika pigo la mwingine, na wimbo huvurugika. Huko Mbale, chini ya Mlima Elgon, ngoma za kadodi huwasindikiza barabarani vijana wanaokwenda kutahiriwa katika msimu wa imbalu, kila mwaka wa namba shufwa. Aliyewahi kucheza nyuma ya ngoma hizo anajua kwamba bega laweza kuchelewa na kiuno kikatangulia, lakini ngoma yenyewe haimsubiri mtu.

Nani ana ruhusa ya kuchelewa, na nani hapaswi kuchelewa kamwe? Swali hilo lilimwandama Fryderyk Chopin, mtunzi wa muziki wa piano kutoka Poland, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na halikuzikwa pamoja naye.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw. Baba yake alikuwa Mfaransa aliyehamia Poland na kufundisha Kifaransa. Mama yake alikuwa Mpoland. Mwalimu wake wa kwanza, Wojciech Żywny, alikuwa mpiga fidla zaidi kuliko mpiga piano, na ndiye aliyempandikizia mapenzi ya Bach na Mozart, watunzi ambao Chopin aliwaheshimu hadi mwisho. Wakati wa likizo alipelekwa mashambani, na huko aliwasikia wakulima wakicheza mazurka, ngoma ya mapigo matatu ambayo mkazo wake hauangukii mahali ambapo mgeni angeutarajia. Baadaye alitunga mazurka zaidi ya 50.

Novemba 1830, akiwa na umri wa miaka 20, aliondoka Warsaw kutafuta jina katika miji mikubwa ya Ulaya. Kabla ya mwezi huo kwisha, Wapoland waliinuka dhidi ya utawala wa Urusi. Uasi huo ulizimwa mwaka uliofuata, na Chopin hakuiona tena nchi yake.

Wakati ulioibwa

Alifika Paris mwaka 1831. Hakupenda kumbi kubwa. Katika maisha yake yote alitoa takriban maonyesho 30 tu ya hadhara. Aliishi kwa kufundisha, akitoza faranga 20 kwa somo, na wengi wa wanafunzi wake walitoka katika nyumba za kitajiri. Ni hao walioacha ushahidi wa jinsi alivyoutazama mwendo wa muziki, na ushahidi wao unawashangaza wanaomdhania kuwa mtu wa kuelea na hisia zake tu.

Mmoja wao, Karol Mikuli, alisimulia kwamba metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo, haikukosekana kamwe juu ya piano ya mwalimu wake. Mkono wa kushoto, alifundisha Chopin, ni kiongozi wa kwaya na haupaswi kuyumba. Mkono wa kulia ndio wenye ruhusa ya kuimba kwa uhuru, ukisita hapa na kuharakisha pale. Mtindo huo huitwa rubato, neno la Kiitaliano lenye maana ya kitu kilichoibwa: muda unaochukuliwa kwa noti moja hulipwa na nyingine. Chopin hakuubuni. Mozart, katika barua ya mwaka 1777, alikwisha kueleza jinsi mkono wake wa kushoto ulivyokataa kuufuata wa kulia. Mpigaji wa embaire angeuelewa mkono huo bila kufafanuliwa.

Watu wa wakati wake hawakuelewa hivyo wote. Hector Berlioz, mtunzi Mfaransa, aliandika kwamba Chopin hakuweza kupiga kwa mdundo ulio sawa. Pengine asilaumiwe sana: Berlioz alikuwa mwongozaji wa okestra, na mwenye kuongoza makumi ya wanamuziki ana sababu ya kumwogopa kila anayechelewa.

Ugomvi mkali zaidi ulizuka darasani. Wilhelm von Lenz, mwanafunzi kutoka Urusi, alikuwa akipiga mazurka moja wakati Giacomo Meyerbeer, mtunzi mashuhuri wa opera, alipoingia na kudai kwamba mapigo yake ni mawili. Chopin alisisitiza ni matatu. Meyerbeer hakukubali. Chopin, ambaye kwa kawaida alikuwa mpole, alipandwa na hasira, akaketi mwenyewe kwenye piano na kuupiga wimbo huku akihesabu kwa sauti na kugonga sakafu kwa mguu. Wakaachana bila mapatano. Mpiga piano Charles Hallé naye alimwambia kwamba katika mazurka zake anasikia mapigo manne. Chopin alibisha, kisha akacheka na kukiri kwamba ndivyo ngoma ya kwao ilivyo.

Meyerbeer hakuwa mjinga, wala sikio lake halikuwa bovu. Alisikia kilichopigwa, Chopin alisikia miguu ya wachezaji wa utotoni mwake. Mgeni anayejaribu kuhesabu kadodi akiwa amesimama kando ya barabara ya Mbale anaweza kukosea vivyo hivyo.

Alama alizoziacha

Mwaka 1833 Chopin alichapisha mazoezi 12 ya piano na kumtunukia rafiki yake Franz Liszt. Zoezi la tatu leo ni miongoni mwa tungo zake zinazopendwa zaidi, na aghalabu hupigwa polepole, kama maombolezo. Katika muswada wake, Chopin aliandika kwanza kwamba lipigwe kwa uchangamfu. Kisha akapunguza, uchangamfu usiozidi. Mwishowe, katika chapa, likawa la polepole, lakini si sana. Namba ya metronomu aliyoiweka bado ni ya haraka kuliko mwendo wa wapigaji wengi wa sasa. Kama mtunzi mwenyewe alibadili nia mara mbili, ni vigumu kumhukumu mpigaji kwa alama moja.

Baada ya katikati ya miaka ya 1830 aliacha kuandika neno rubato katika tungo zake, na namba za metronomu nazo zikatoweka karibu kabisa. Liszt alieleza kwamba neno hilo halikumfunza kitu anayelijua, wala halikumsaidia asiyelijua.

Afya yake ilikuwa dhaifu siku zote. Aliishi kwa takriban miaka tisa na mwandishi George Sand, wakaachana mwaka 1847. Mwaka uliofuata alisafiri Uingereza na Scotland, akapiga hadharani kwa mara ya mwisho jijini London mwezi Novemba. Alifariki dunia Paris, Oktoba 17, 1849, akiwa na umri wa miaka 39. Mwili ulizikwa huko. Moyo wake ulipelekwa Warsaw.

Warithi wake waligawanyika. Raoul Koczalski, aliyefundishwa na Mikuli, aliacha rekodi ambamo mkono wa kulia unatembea huru juu ya wa kushoto. Ignacy Paderewski, mpiga piano aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Poland, aliandika mwaka 1909 kuipinga hesabu ya deni: kwake, muda ulioibwa si lazima urudishwe.

Mashindano ya Chopin, yaliyoanzishwa Warsaw mwaka 1927, nayo hayakumaliza ubishi. Mwaka 1980 majaji walimwondoa Ivo Pogorelich wa Yugoslavia kabla ya fainali, baada ya kugawanyika juu ya uhuru aliojipa na maandishi ya mtunzi. Martha Argerich wa Argentina, mshindi wa mwaka 1965, alijiuzulu ujaji kwa kupinga uamuzi huo. Ushindi ulikwenda kwa Dang Thai Son wa Vietnam, na muda mfupi baadaye Pogorelich alirekodi Chopin kwa kampuni ya Deutsche Grammophon, kwa mwendo ule ule wake.