George Stephenson, mtu wa shimo aliyepeleka hesabu zake kwa mwalimu kila mangaribi



Kila mwaka masomo yakianza, shida moja inarudi katika nyumba za wafanyakazi. Mtoto anarudi na kazi ya nyumbani, ile wao wanaita devwari: hesabu za sehemu, ekwasio, ao fizikia. Anafungua daftari mbele ya baba. Baba ametoka kazi ya usiku, macho mekundu, na hesabu ile hakuisoma hata siku moja, ao aliisoma zamani na imepotea. Anamtuma mtoto arudi kwa mwalimu. Mwalimu eko na wanafunzi mingi katika darasa moja. Mwisho mtoto anakopi jibu kwa rafiki. Kesho yake namba iko sawa katika daftari, lakini siku ya mtihani rafiki hayuko karibu.

Sisi wa sendika tumezoea kuandika juu ya mishahara na usalama wa kazi. Leo tunaandika maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, juu yeye pia alikuwa mtu wa shimo, na mpaka miaka 18 hakujua kusoma. Ni George Stephenson, Mwingereza, yule watu wanamwita baba wa reli. Mingi wanajua treni zake. Kidogo tu wanajua namna alitafuta msaada wa hesabu, na ile njo tunataka kueleza hapa.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, kaskazini ya Uingereza, karibu na mji wa Newcastle. Nchi ile ilikuwa nchi ya makaa ya mawe, sawa vile Katanga ni nchi ya shaba. Baba yake alikuwa anatia makaa katika moto wa mashini ya kuvuta maji ya shimo. Baba na mama wote wawili hawakujua kusoma wala kuandika, na mshahara haukutosha kupeleka watoto masomoni. George alianza kazi angali mdogo: kuchunga ng'ombe, kisha kuchagua mawe na kuyatenga na makaa, kisha kumsaidia baba kwenye moto. Alipofika miaka 17 walimpa kazi ya kuangalia mashini ya maji katika shimo la Water Row, pale Newburn. Katika cheo alikuwa amempita baba yake.

Mashini aliipenda. Siku za kupumzika aliifungua, akasafisha vyuma vyake, akavirudisha, mpaka akajua kazi ya kila chuma. Lakini alisikia kwamba kuna mashini nyingine mpya, za James Watt na za wengine, na habari zao ziko katika vitabu. Vitabu vilikuwa ukuta kwake. Pale njo aliamua kwenda masomo ya mangaribi, kijana mzima wa miaka 18, mwenye mikono ya makaa, akae pamoja na watu wanaojifunza a, be, che.

Mwalimu wa kwanza alimfundisha kusoma na kuandika, mangaribi tatu kwa wiki, kwa peni tatu. Alipofika miaka 19 alijua kuandika jina lake mwenyewe. Kisha akahamia kwa mwalimu mwingine, Andrew Robertson, mtu wa Scotland aliyekuwa anajua hesabu vizuri. Huyu alilipwa peni nne kwa wiki.

Tuangalie sasa namna walifanya kazi. Mwalimu aliandika hesabu juu ya kibao cha jiwe. George alienda nacho kazini. Mashini ikitembea vizuri, aliketi karibu na moto wake akafanya hesabu kwa mwangaza ule ule. Mangaribi alipeleka kibao kwa Robertson. Mwalimu aliangalia, akaonyesha mahali ilipopotea, akasahihisha, akaandika hesabu mpya kwa kesho. Vile vile siku kwa siku. Watu waliosoma pamoja naye walishangaa namna aliwapita upesi. Lakini hapakuwa na siri. Wao walifanya hesabu saa ya masomo tu, yeye alizifanya mchana wote kati ya kazi na kazi.

Tunaomba wazazi waone jambo hili. Robertson hakuwa anampa majibu. George naye hakuwa anapeleka kibao kitupu. Alipeleka kazi ile amekwisha kujaribu mwenyewe, hata kama ina makosa, na msaada wa mwalimu ulianzia pale kosa lilipoonekana. Mtoto anayekuja kwa mkubwa na kusema tu kwamba hajui, ni vigumu kumsaidia. Mtoto anayeonyesha mistari mitatu aliyoandika na mahali aliposimama, hata jirani anaweza kumsaidia kwa dakika kumi.

Maisha hayakumrahisishia mambo. Alioa mwaka 1802, akazaa mtoto mwanaume, Robert, mwaka 1803. Mwaka 1805 walizaa binti, akafa akiwa na wiki chache. Mwaka 1806 bibi yake Frances naye akafa kwa ugonjwa wa kifua. George alienda kutafuta kazi Scotland, na mtoto alibaki kwa watu. Aliporudi alikuta baba yake amekuwa kipofu: alikuwa ndani ya mashini akiitengeneza, mwenzake akafungua mvuke bila kujua. Sisi tunaofanya kazi na mashini tunajua ajali ya namna hii bila kuelezwa mara mbili. George alilipa madeni ya baba, akamlea mzee na mtoto pamoja, na dada yake akaja kusimamia nyumba pale Killingworth.

Hata katika miaka ile masomo hayakukatika. Kulikuwa kijana mmoja, John Wigham, mtoto wa mkulima, aliyejua hesabu na elimu ya vitu kumpita George. George hakuona haya. Alienda kwake mangaribi, wakasoma pamoja juu ya uzito wa hewa na wa maji, na Wigham akamsaidia kuchora plani za mashini. Mtu mwenye mtoto, fundi aliyeheshimiwa shimoni, anaenda kuuliza kwa mtoto wa mkulima. Kwetu mingi wangekataa, juu ya kuogopa kuchekwa.

Mwaka 1811 faida ilionekana. Katika shimo moja la Killingworth mashini ya maji ilishindwa karibu mwaka mzima, na shimo lilijaa. Wakubwa walijaribu mafundi mingi. George aliomba aachiwe. Kwa siku chache maji yaliisha na wachimbaji wakashuka. Mwaka uliofuata walimpa cheo cha fundi mkuu wa mashini, kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka.

Kisha ikaja habari ya taa, ile inatugusa sisi zaidi. Katika mashimo ya makaa hutoka gesi ambayo ikikutana na moto wa taa inalipuka. Tarehe 25 Mei 1812, pale Felling, si mbali na Killingworth, watu 92 walikufa kwa mlipuko mmoja. George alianza kujaribu. Aliona kwamba moto haupiti katika tundu ndogo sana ya chuma, juu chuma kinaunyang'anya joto na unazimika njiani. Basi alitengeneza taa ambayo hewa inaingia kwa tundu ndogo, na mwezi wa Oktoba 1815 akaipeleka mwenyewe shimoni, mahali gesi inapotoka kwa nguvu. Hakumtuma mfanyakazi mwingine. Taa haikulipua kitu.

Wakati ule ule, mwanasayansi mkubwa Humphry Davy alitengeneza yake, kwa kupita njia ya kemia. Davy alipata zawadi ya pauni 2.000, na wakubwa wa London wakasema mtu kama Stephenson, asiyesoma, hawezi kuvumbua kitu kile, lazima ameiba. Watu wa Newcastle walichunguza, wakaona hakuiba, wakamkusanyia pauni 1.000. Mwaka 1833 kamati ya bunge ilikubali kwamba haki yake ni sawa na ya Davy. Ilichukua miaka 18. Mtu aliyejifunza kwa kuchelewa anadaiwa ushahidi mara mbili: kwanza ajue kitu, kisha waamini kwamba anakijua.

Juu ya uchungu ule, George aliapa kwamba Robert hatapita njia ile. Mshahara haukutosha, basi usiku alitengeneza saa na viatu vya watu. Robert alipelekwa masomo mazuri Newcastle, kwa bwana Bruce, na alifika huko juu ya punda. Na kumbe baba hakulipa ili mtoto peke yake asome. Katika mji ule kulikuwa chama cha elimu chenye vitabu. Robert aliazima vitabu akaleta nyumbani, na vile havikuruhusiwa kutoka aliviandika na kuchora picha zake katika daftari. Mangaribi baba na mtoto waliketi pamoja. Mtoto alisoma kwa sauti, baba aliuliza maswali. Mtoto alijua maneno ya kitabu, baba alijua chuma. Devwari ya mtoto ikawa masomo ya baba pia.

Kazi yao moja iko mpaka leo juu ya mlango wa nyumba yao Killingworth: saa ya jua, yenye tarehe 11 Agosti 1816. Saa ya namna ile haiwezi kukopiwa tu. Mistari yake inapigwa kufuatana na latitudo ya mahali. London iko karibu digrii 51 na nusu, Killingworth karibu 55. Ukichukua mistari ya London na kuiweka Killingworth, jua litakudanganya saa. Walitafuta kitabu cha elimu ya nyota, wakafanya hesabu upya kwa ajili ya ukuta wao. Hapa Lubumbashi, karibu digrii 11 na nusu kusini, ingelazimu kuanza tena kabisa.

Lakini hatuandiki maisha ya mtakatifu. Mwaka 1825 George alisimama mbele ya kamati ya bunge London kutetea plani ya reli ya Liverpool na Manchester. Wakili mmoja, Edward Alderson, akamuuliza juu ya vipimo, kimo cha udongo na cha maji ya mto. Vipimo vile vilifanywa na wasaidizi, na George hakuvihakikisha. Vilikuwa na makosa. Mbele ya wakubwa waliocheka namna yake ya kusema, alikosa jibu, na plani ikaanguka. Yule aliyekaa miaka akileta kibao kwa mwalimu ili kisahihishwe, siku ile alileta hesabu za watu wengine bila kuzipima. Ilibidi wapimaji wengine warudie kazi, na bunge likakubali mwaka 1826.

George alirudishwa kusimamia ujenzi. Mwaka 1829 mashini ya Rocket, iliyotengenezwa na kiwanda cha Robert, ilishinda mashindano ya Rainhill, na tarehe 15 Septemba 1830 reli ile ilifunguliwa. Baadaye George alikuwa tajiri, hata mwenye migodi ya makaa yeye mwenyewe, na kwa cheo kile sisi wa sendika hatuna sababu ya kumpigia makofi. Alikufa tarehe 12 Agosti 1848 pale Chesterfield, na miaka 67. Robert, yule mtoto wa punda, alijenga madaraja makubwa na kuingia bungeni.

Basi ba papa na ba mama, hamlazimishwi kujua ekwasio. Mnaweza kuketi karibu na mtoto, kumwambia asome swali kwa sauti, aeleze amefika wapi, na kuuliza jibu lile limetoka wapi. Ninyi vijana mliomaliza sekondari na mnaokaa katika kambi zetu, tunawaomba mangaribi mbili kwa wiki, mezani kwa jirani. Kila mtoto alete kazi ile amekwisha kuijaribu. Na wafanyakazi watu wazima wanaotaka kuanza tena masomo, waje pamoja na watoto wao.

Tunawaachia hesabu moja ya kuanzia. Reli ya Stephenson ilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu. Reli yetu, ile ilifika Élisabethville mwaka 1910, iko na futi 3 na inchi 6. Futi moja ni inchi 12, inchi moja ni milimeta 25,4. Tafuteni upana wa kila moja kwa milimeta, na tofauti yao. Fanyeni kwanza peke yenu, kisha mpeleke kwa mwalimu aangalie.