John Murray na Tope la Vilindini

Vitabu vyetu vya sayansi huwataja sana wavumbuzi wa mashine, lakini ni nadra kumtaja John Murray, aliyetumia zaidi ya nusu ya umri wake kuchunguza tope. Alizaliwa Kanada mwaka 1841, akahamia Uskoti angali kijana, akasoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh masomo aliyoyapenda mwenyewe, asitwae shahada.

Mwaka 1872 alijiunga na wataalamu wa merikebu Challenger, iliyozunguka bahari za dunia hadi 1876 ikizoa mashapo ya vilindini. Kiongozi wao, Wyville Thomson, aliamini kwamba viumbe vidogo mno, ambao magamba yao ya chokaa yalijaa katika tope hilo, waliishi huko huko chini. Murray hakushindana kwa maneno. Merikebu iliposimama, alikokota wavu wa kitambaa chembamba karibu na uso wa maji, kisha akalinganisha kwa hadubini alichokipata na tope la mahali hapo. Magamba yalikuwa yale yale! Penye maji ya joto aina zilikuwa nyingi juu na chini. Penye baridi zilipungua kote kuwili. Basi viumbe hao huelea juu, na wakifa magamba yao huzama. Thomson aliikubali hoja ya mdogo wake, jambo ambalo, kwa maoni yetu, lastahili kusimuliwa darasani sawa na uvumbuzi wenyewe.

Thomson alipofariki mwaka 1882, Murray alisimamia ripoti za safari hadi zilipotimia vitabu 50 mwaka 1895. Alikufa katika ajali ya motokaa mwaka 1914. Fedha alizoziacha ziliiwezesha meli ya Kimisri Mabahiss kuchunguza Bahari ya Hindi mwaka 1933 hadi 1934, na maji ya Zanzibar yakiwamo.

Siku hizi mashapo hutobolewa kwa mabomba, ikatoka nguzo ya udongo ambayo sehemu yake ya chini ni ya kale kuliko ya juu. Katika miaka ya 2000 yalitobolewa hivyo Kilwa na Lindi, nchi kavu ambayo zamani ilikuwa kilindi. Magamba yaliyopatikana, mazima ajabu, yanaonyesha namna aina kadhaa zilivyotoweka kiasi cha miaka milioni 34 iliyopita.

Mwalimu wa Wete au Mkoani aweza kuanza na gao la mchanga wa pwani, karatasi nyeusi na kioo cha kukuzia. Watoto watenge magamba na chembe za mawe, wayachore. Ila wengi wa viumbe wa magamba hayo ya pwani huishi chini kweli, kama alivyodhani Thomson. Mwanafunzi akiuliza, aelezwe tofauti hiyo.