Krapf alipopanda Vuga

Sisi wa isimu tunamjua Krapf kwa mstari mmoja wa notisi: aliandika sarufi na kamusi ya Kiswahili, basi, mada inayofuata. Mimi kwetu ni Lushoto, na mtu huyu alipita milimani kwetu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen. Alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, ndiyo maana kamusi yake inafasiri maneno kwa Kiingereza. Mwaka 1844 alihamia Mombasa na mkewe, Rosine. Julai hiyohiyo homa ikamchukua Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Ningekuwa mimi, ningepanda meli ya kwanza. Yeye alibaki, akawa anatafsiri Kitabu cha Mwanzo, tena akisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Hapo kwa kadhi ndipo huwa nakwama. Kiswahili kilikuwa kinaandikwa siku nyingi kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua, hesabu za biashara. Krapf alijifunza lugha kwa watu hao hao, halafu akachagua herufi za Kilatini, na sababu yake mojawapo ilikuwa kwamba hakutaka Uislamu uingie bara pamoja na maandishi.

Mwaka 1848 alipanda Usambara mpaka Vuga, kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, kuomba ruhusa ya kuleta walimu. Alipokelewa vizuri, akarudi tena 1852, lakini kituo hakukijenga. Afya ikamshinda, akarudi Ujerumani. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, yeye akiwa kaburini miaka kumi.

Sarufi yake ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, miezi michache baada ya kufa kwake, kwa hiyo hakuiona. Aliiandika zaidi kwa Kimvita, na mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja yake haikuchaguliwa, ila herufi zake ndizo hizi unazosoma sasa.

Kiingereza nacho kilipitia hayo hayo, jamani. Mababu wa Waingereza walichonga maandishi yaitwayo runi, mpaka wamisionari kutoka Roma walipofika Kent mwaka 597 na herufi za Kilatini. Leo mwanafunzi wa London hasomi runi bila kufundishwa. Lakini kwake ni habari ya zaidi ya miaka elfu moja. Kwangu ni habari ya babu.

Babu alituachia daftari. Likizo iliyopita palikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na wazee wakasema mipaka yote imo mle. Nikaitwa mimi, msomi wa Kiswahili. Nafungua: Kiswahili kitupu, herufi za Kiarabu mwanzo mwisho. Sikutoa hata neno moja. Tukampelekea mwalimu wa madrasa usiku uleule, akasoma mpaka mti wa mpakani akautaja, na mimi kazi yangu ikawa kumshikia tochi.