Sakay: Kinyozi wa Manila aliyenyongwa kama jambazi

NYWELE ndefu zilizoshuka hadi mabegani ndizo zilizomfanya Macario Sakay akumbukwe hata na Wafilipino wasiosoma historia. Inaelezwa kuwa aliapa kutozikata hadi nchi yake iwe huru. Mwaka 1993, mwongozaji Raymond Red alipoyarejesha maisha yake katika filamu iitwayo Sakay, akiigizwa na Julio Diaz, nywele hizo zilirudi pamoja na swali ambalo Wamarekani walidhani wamelimaliza kwa kitanzi: alikuwa jambazi au rais?

Swali hilo lilikwishaonekana sinemani zamani. Lamberto Avellana alianza kazi yake ya uongozaji kwa filamu juu ya mtu huyo huyo mwaka 1939, Wamarekani wakiwa bado watawala.

Sakay alizaliwa Tondo, mtaa wa makabwela jijini Manila, katika miaka ya 1870. Alikuwa kinyozi, akawa fundi cherehani, na mara nyingine alipanda jukwaani kuigiza. Mwaka 1894 alijiunga na Katipunan, chama cha siri kilichoongozwa na Andres Bonifacio kupigania uhuru kutoka kwa Hispania.

Mambo yaliharibika haraka. Bonifacio aliuawa na wanamapinduzi wenzake mwaka 1897. Mwaka uliofuata Hispania ikaikabidhi nchi kwa Marekani kwa malipo ya dola milioni 20. Vita mpya ikazuka, na Machi 1901 kiongozi wake, Emilio Aguinaldo, akakamatwa.

Sakay naye alitiwa gerezani, akaachiwa kwa msamaha wa mwaka 1902. Badala ya kurudi kwenye mkasi na kitana, alipanda milimani na kutangaza Jamhuri ya Watagalogi, yeye akiwa rais. Jamhuri hiyo ilikuwa na bendera, mawaziri na matamko yake.

Watawala hawakutaka kusikia habari ya rais wa pili. Novemba 12, 1902 walipitisha sheria ya ujambazi, ambayo ilimwezesha yeyote aliye katika kundi lenye silaha kuhukumiwa kifo au kifungo kisichopungua miaka 20. Kwa kalamu tu, mpiganaji wa uhuru akageuzwa mnyang'anyi wa njiani.

Haitakuwa haki kumchora kama malaika. Januari 1905 wapiganaji wake walivamia mji wa San Francisco de Malabon, mkoani Cavite, wakamteka mke wa gavana wa zamani, Mariano Trias, pamoja na watoto wake wawili. Serikali nayo ilijibu kwa kuwasomba wanavijiji na kuwarundika katika kambi zilizolindwa, ili wapiganaji wakose chakula. Walioumia zaidi ni wakulima.

Risasi zilipochelewa kufanya kazi, ikatumika hila. Dk. Dominador Gomez, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alipanda milimani kumshawishi Sakay kwamba ukaidi wake ndio unaowanyima Wafilipino Bunge lao wenyewe. Akishuka, aliambiwa, Bunge litapatikana na watu wake hawatadhurika. Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Sakay alipojionyesha kuwa mwanasiasa: jambazi gani huacha bunduki kwa ajili ya Bunge?

Alishuka Julai 1906 na kupokewa na umati jijini Manila. Siku chache baadaye yeye na maofisa wake walialikwa karamuni Cavite, nyumbani kwa kaimu gavana, Kanali Van Schaick. Katikati ya sherehe walizingirwa, wakanyang'anywa silaha na kutiwa pingu.

Walishtakiwa kwa sheria ile ile ya ujambazi. Septemba 13, 1907, Sakay na Kanali Lucio de Vega walinyongwa katika gereza la Bilibid, Manila. Bunge aliloahidiwa lilifunguliwa Oktoba 16, siku 33 baadaye.

Sanamu yake ilizinduliwa Tondo mwaka 2008.